Damu imngoje mgonjwa, mgonjwa asiingoje damu

Ndugu Waislamu, leo tunakusudia kuzungumzia jambo ambalo aghalabu hatulikumbuki mpaka litubishie hodi nyumbani: uchangiaji wa damu.

Ni nani kati yetu asiyeijua hali hii? Mama amejifungua, damu inamtoka kwa wingi, na usiku umeingia. Jamaa wanaambiwa watafute wachangiaji. Simu zinapigwa: mmoja yuko safarini, wa pili anaumwa, wa tatu anaogopa sindano. Hata akipatikana mtu, damu yake ni lazima kwanza ipimwe kundi, virusi vya Ukimwi, homa ya ini na kaswende. Mama yule hana muda huo. Hana pia mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria, wala majeruhi wa ajali barabarani.

Mpango wa Taifa wa Damu Salama ulianzishwa nchini Tanzania mwaka 2004 ili hospitali zitegemee damu ya wanaojitolea, si ya ndugu wanaohangaika usiku. Lakini damu hiyo haitengenezwi kiwandani. Hutoka kwetu.

Wapo wanaouliza: je, damu si haramu? Ni kweli, Suratul Maida, aya ya 3, imeharamisha kula damu. Lakini aya hiyo hiyo haikumfungia mlango aliyebanwa na dharura. Tena sura hiyo hiyo, aya ya 32, inatufundisha kuwa kuihuisha nafsi moja ni kama kuwahuisha watu wote. Ndiyo maana wanazuoni wengi wa zama zetu wameruhusu kuchangia damu, kwa sharti kwamba mtoaji asidhurike na damu isiuzwe.

Basi tuanzeje? Kwanza, imamu na kamati ya msikiti wawasiliane na kituo cha damu salama kilicho karibu. Kutoa na kupima damu ni kazi ya wataalamu. Yetu ni kuwaandaa watu. Wachaguliwe wasimamizi wawili, mwanamume na mwanamke, waandike majina na namba za simu za waliojitolea: wenye afya njema, umri wa miaka 18 hadi 65, na uzito usiopungua kilo 50.

Pili, tusiende sote siku moja kwa shangwe, kisha tukanyamaza mwaka mzima. Damu hudumu katika jokofu takriban siku 35 tu. Mwanamume huruhusiwa kuchangia kila baada ya miezi mitatu, na mwanamke kila baada ya minne. Hivyo msikiti wenye wanaume 60 waliojiandikisha uwagawe mafungu matatu ya watu 20. Kila mwezi fungu moja liende. Wanawake wagawanywe mafungu manne. Kwa mpango huo hautapita mwezi bila damu mpya. Katika Ramadhani zamu iwe usiku baada ya futari, ili mfungaji asidhoofike, nasi tuepukane na khitilafu za wanazuoni kuhusu saumu yake.

Tatu, tuchunge siri. Huenda ndugu yetu akapimwa na kuambiwa asichangie. Asiulizwe sababu, wala sababu isiandikwe popote. Kumsitiri Muislamu ni ibada. Orodha itakayomfedhehesha mtu mmoja itawakimbiza wote.

Na anayehofia kuishiwa damu, ajue kuwa mtu mzima ana takriban lita tano, na kinachochukuliwa ni kiasi cha nusu lita au pungufu yake. Maji yake hurudi ndani ya siku moja au mbili, na chembe nyekundu baada ya wiki chache.

Ndugu zetu, damu haina kabila wala dini. Itakayotoka msikitini kwetu huenda ikamfaa jirani asiye Muislamu, na iliyotolewa kanisani ikamwokoa mtoto wetu. Leo, baada ya sala ya Ijumaa, iwekwe karatasi na kalamu mlangoni mwa msikiti. Pengine mama atakayeokolewa na jina la kwanza bado hajaijua mimba yake.