Vipuri vya kuona ndani ya injini: Je, vyafaa gari la zamani?

WAPENZI wa magari ya zamani huvutiwa mno na vipuri vilivyoundwa kwa plastiki angavu au kioo, ambavyo humwezesha mtu kufungua boneti na kujionea sehemu za injini zikizunguka, oili ikirushwa huku na huku na cheche za umeme zikiruka.

Miongoni mwa vipuri hivyo, ambavyo huuzwa sana kupitia intaneti, kuna mifuniko ya tapeti, vizuizi vya mkanda wa taimingi, vifuniko vya distributa, vikombe vya kabureta na vichujio vya petroli.

Swali ni iwapo vinaweza kuhimili kazi katika gari lenye umri wa miaka 40 au 50. Gari la aina hiyo haliundwi tena, vipuri vyake asili ni adimu, na likiungua mwenyewe hawezi kwenda dukani kununua lingine.

Jibu lategemea kazi ya kila kipuri. Kuna vinavyofaa, kuna vinavyofaa siku ya maonyesho pekee, na kuna ambavyo mwenye gari hapaswi kuvikaribia.

Si jambo geni

Haja ya kutazama ndani ya mtambo ilikuwapo tangu zamani, na waundaji wa magari waliishughulikia kwa uangalifu. Pampu nyingi za petroli za miaka ya kati ya karne ya 20, zikiwemo zile za magari ya Land Rover na matrekta mengi, zilikuwa na kikombe kidogo cha kioo chini yake. Maji na uchafu vilizama humo, naye dereva aliviona bila kufungua chochote.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa mikebe ya mafuta ya breki. Ile ya awali ilikuwa ya chuma, na ilibidi kuifungua ili kujua kiasi kilichomo. Baadaye ilibadilishwa kuwa ya plastiki nyeupe inayopenyeza mwanga. Huo ulikuwa ufanisi mkubwa, kwa kuwa mafuta ya breki hunyonya unyevu kila mkebe unapofunguliwa.

Mafundi nao wana plagi maalumu yenye kioo, maarufu kwa jina Colortune, ambayo hufungwa kwa muda mahali pa plagi ya kawaida wakati wa kurekebisha kabureta. Fundi hutazama rangi ya moto ndani ya silinda. Moto wa manjano huashiria kuwa petroli imezidi, wa samawati kuwa mchanganyiko ni sawa, na unaoelekea weupe kuwa hewa ndiyo iliyozidi. Kazi ikiisha, plagi hiyo huondolewa na ya kawaida kurudishwa.

Katika mifano hii yote, kioo kiliwekwa pale tu palipokuwa na jambo la kutazamwa, na mahali ambapo joto na nguvu za injini havingekivunja.

Gari la kioo la 1939

Mfano unaokumbukwa zaidi ni gari la Pontiac ambalo kampuni ya General Motors ililionyesha katika maonyesho ya kimataifa ya New York, Marekani, yaliyofanyika 1939 na 1940. Mwili wake uliundwa kwa Plexiglas, plastiki angavu iliyokuwa ngeni wakati huo, kwa ushirikiano na kampuni ya kemikali ya Rohm & Haas. Watazamaji waliweza kuona fremu, nyaya na vyuma vyote vya milango. Mnamo 2011, gari hilo liliuzwa kwa mnada kwa Dola 308,000 za Marekani.

Hata hivyo, injini yake ilikuwa ya chuma kama ya magari mengine. Waliotengeneza gari zima la plastiki hawakuthubutu kuigusa sehemu hiyo.

Wahandisi waliotaka kweli kuona moto ukiwaka ndani ya silinda walilazimika kutumia mbinu za gharama kubwa. Mwaka wa 1961, mtafiti Fred Bowditch wa General Motors alieleza kuhusu injini yenye pistoni ndefu iliyowekwa dirisha la kwazi, jiwe angavu linalostahimili joto kali. Injini za aina hiyo zingali zinatumika katika maabara. Lakini huendeshwa kwa muda mfupi tu, kisha husimamishwa ili dirisha lisafishwe masizi. Hakuna anayezitia barabarani.

Adui ni joto

Plastiki angavu zinazotumika zaidi ni mbili: akriliki na polikaboneti. Akriliki hung'aa kama kioo na ni rahisi kuichonga, lakini huanza kulegea joto likikaribia nyuzi 100 za Selsiasi. Polikaboneti ni ngumu zaidi na hulegea katika nyuzi zipatazo 147.

Oili ya injini iliyopata moto kwa kawaida huwa kati ya nyuzi 90 na 110, na inaweza kuzidi hapo gari la zamani linapopanda mwinuko wa Mai Mahiu kuelekea Limuru likiwa na abiria na mizigo. Kwa hiyo mfuniko wa tapeti wa akriliki hufanya kazi ukiwa ukingoni mwa uwezo wake hata siku ambayo hakuna hitilafu yoyote.

Tatizo la pili ni kutanuka. Akriliki ikipata joto hutanuka takriban mara sita zaidi ya chuma cha kalibu ambacho hutumika kuunda injini nyingi za zamani. Mfuniko wenye urefu wa sentimita 50 ukipashwa joto kwa nyuzi 70 hurefuka kwa takriban milimita mbili na nusu. Chuma kilicho chini yake hurefuka kwa chini ya nusu milimita.

Tofauti hiyo hurudiwa kila injini inapowashwa na kuzimwa. Gasketi husuguliwa, matundu ya bolti huanza kupasuka, na oili huanza kuvuja. Fundi akikaza bolti ili kuzuia uvujaji, nyufa huongezeka. Oili hiyo ikidondokea bomba la moshi lililopata moto, moshi hutanda chini ya boneti na moto wenyewe waweza kufuata.

Isitoshe, raha ya kutazama haidumu. Oili hurushwa kwenye mfuniko mara tu injini inapowaka, na kinachoonekana ni utando wa rangi ya kahawia. Petroli na dawa za kusafishia injini nazo huifanya plastiki ipate ukungu na nyufa ndogondogo.

Mkanda na mnyororo

Kipuri chenye sifa nzuri zaidi ni kizuizi angavu cha mkanda wa taimingi. Mkanda wa mpira hufanya kazi pakavu, hivyo kizuizi chake hakihitaji kuzuia oili wala kustahimili shinikizo. Kazi yake ni kukinga mkanda dhidi ya mawe, vumbi na maji. Kikiwa cha polikaboneti, na kikiwa kimefungwa barabara, mwenye gari huweza kuona mapema mkanda ulioanza kupasuka au kulowa oili. Katika injini nyingi, mkanda ukikatika vali hugongana na pistoni na injini ikaharibika vibaya, kwa hivyo faida hiyo si ya kupuuzwa.

Hii ndiyo sababu vizuizi hivyo vinapendwa na wenye magari ya Japani kama Nissan Skyline GT-R na Toyota Supra ya miaka ya 1990, ambayo sasa yameanza kuhesabiwa miongoni mwa magari ya kuhifadhiwa.

Lakini magari mengi ya zamani yanayoenziwa nchini Kenya hayana mkanda huo. Peugeot 404, iliyoshinda Safari Rally katika miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968, hutumia mnyororo, sawa na Peugeot 504, Land Rover na Datsun 1600 SSS. Volkswagen Beetle hutumia gia. Minyororo na gia hizo huogelea katika oili, na mfuniko wake ni lazima uzuie oili hiyo. Kuuondoa wa chuma na kuweka wa plastiki ni kujitafutia uvujaji.

Distributa

Kifuniko angavu cha distributa huonyesha cheche zikiruka kutoka kwenye rota hadi kwenye vituo vya nyaya za plagi, mandhari yanayopendeza hasa usiku. Vifuniko asili vya magari ya zamani viliundwa kwa bakelaiti, plastiki ngumu ya rangi ya kahawia au nyeusi isiyolegezwa na joto la injini.

Umeme unaopita hapo unaweza kufikia volti 20,000 na zaidi. Unyevu, vumbi la kaboni au ufa mdogo hutosha kuupotosha, na injini ikaanza kukohoa au kukataa kuwaka kabisa. Kifuniko angavu kilichoundwa vyema kinaweza kufanya kazi, na husaidia kuona unyevu au ufa. Kilichoundwa ovyo hupasuka mapema. Kwa bahati nzuri, madhara yake kwa kawaida huwa ni gari kukwama tu. Anayekitumia anashauriwa kubeba kile cha awali kwenye buti.

Petroli haina mzaha

Hatari kubwa zaidi imo katika kipuri cha bei rahisi kuliko vyote: chujio angavu la petroli. Lina faida ya kweli, kwani tangi la zamani hutoa kutu, na dereva anaweza kuiona kutu hiyo kabla ya kuziba kabureta.

Tatizo huwa ni mahali linapofungwa. Chujio la plastiki lililo karibu na bomba la moshi hukauka na kuwa rahisi kuvunjika. Lile la kioo hutegemea mipira midogo katika ncha zake, na mitikiso ya barabara mbovu huilegeza. Petroli ikichirizika juu ya distributa yenye cheche, kinachofuata kinajulikana.

Wenye Volkswagen Beetle wana sababu zaidi ya kutahadhari. Injini yake iko nyuma, mahali pembamba, na kasha lake limeundwa kwa mchanganyiko wenye magnesi, madini ambayo yakishika moto ni vigumu mno kuzimwa. Mahali salama pa kuweka chujio ni nje ya chumba cha injini, karibu na tangi. Mipira ya petroli inapaswa kuwa mipya, ifungwe kwa klipu imara, na kizimamoto kiwe karibu na dereva.

Vikombe angavu vya kabureta vinastahili tahadhari iyo hiyo. Hubeba petroli juu ya injini yenye joto, na kikipasuka kimoja hakuna muda wa kusimama na kutafuta kasoro.

Namna ya kuamua

Kabla ya kununua kipuri cha aina hii, mwenye gari anapaswa kujiuliza maswali matatu. Je, kipuri hicho kitakutana na joto au shinikizo kiasi gani? Je, kinazuia kitu kinachoweza kuwaka? Na kikivunjika safarini, gari litakwama, injini itaharibika, au moto utazuka?

Ikiwa jibu la swali la mwisho ni kukwama tu, mwenye gari anaweza kujiburudisha. Ikiwa ni moto, kipuri hicho kiachwe dukani.

Kwa wanaoshiriki mashindano ya urembo wa magari kama Africa Concours d'Elegance jijini Nairobi, ambapo majaji hukagua hata chumba cha injini, kuna njia ya kati. Mfuniko wa plastiki unaweza kufungwa kwa ajili ya maonyesho, kisha ule wa chuma ukarudishwa kabla ya safari ya kurejea nyumbani. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Vipuri asili navyo visitupwe, kwa sababu thamani ya gari la zamani hutegemea kwa kiasi kikubwa vitu lilivyotoka navyo kiwandani.