Mali Bila Daftari: Maneno ya Mbunge wa Upinzani na Hatima Yake



Popote tunapokutana hapa Sydney sisi wenye asili ya Afrika Mashariki, iwe katika karamu ya ndoa, katika khitma au nje ya msikiti baada ya sala ya Ijumaa, mazungumzo hayakawii kufika Dodoma. Fulani ni mbunge hodari, fulani ni bubu. Huyu amesimama mara mia, yule hajafungua kinywa tangu alipoapishwa. Hesabu hizo zina asili yake, kwani kumbukumbu za Bunge la Tanzania huonyesha maswali ya msingi, maswali ya nyongeza na michango ya kila mbunge, na wapenzi wa siasa huzibeba kama washabiki wa kandanda wanavyobeba idadi ya mabao.

Lakini je, wingi wa maneno ndio kipimo cha mbunge? Swali hili ni zito zaidi kwa mbunge wa upinzani, ambaye asubuhi anapoingia ukumbini tayari anajua kuwa jioni atashindwa kwa kura. Sisi twaona kuwa kiko kipimo kilicho bora, nacho ni hiki: ni swali gani mbunge huyo aliliacha katika daftari la taifa, ambalo waliomshinda kwa kura hawakuweza tena kulifuta? Ili tusiseme hewani, tutamtazama mbunge mmoja ambaye habari zake zinajulikana na wengi, Bwana Zitto Zuberi Kabwe wa Kigoma.

Zitto aliingia bungeni kwa uchaguzi wa mwaka 2005, akiwa na umri wa miaka 29, kwa tiketi ya CHADEMA katika jimbo la Kigoma Kaskazini. Katika majimbo 232 yaliyopigiwa kura mwaka ule, Chama cha Mapinduzi kilitwaa 206. CUF kilipata 19, CHADEMA matano tu, na TLP na UDP kimoja kimoja. Kwa hiyo kambi ya upinzani, iliyoongozwa na Mheshimiwa Hamad Rashid Mohamed wa Wawi, Pemba, haikuwa na uwezo wa kupitisha jambo wala kuzuia jambo. Silaha yake ilikuwa moja tu, nayo ni ulimi.

Mwaka 2007 ulimi huo uligusa dhahabu. Mwezi Februari mwaka ule, aliyekuwa Waziri wa Nishati na Madini, Mheshimiwa Nazir Karamagi, alitia saini huko London mkataba wa mgodi wa Buzwagi, ulioko Kahama, na kampuni iliyo chini ya Barrick ya Kanada. Wakati huo Serikali yenyewe ilikuwa imekwisha kuwaambia wananchi kuwa inaipitia upya mikataba ya madini. Zitto akauliza jambo ambalo hata mtoto angeliuliza: kama mikataba ya zamani inapitiwa kwa kuwa ina kasoro, kuna haraka gani ya kutia saini mpya, na kwa nini saini hiyo itiwe ng'ambo? Waziri alijibu kuwa taratibu zilifuatwa na kwamba nchi ingenufaika. Zitto hakuridhika. Tarehe 14 Agosti 2007 aliwasilisha hoja binafsi akitaka Bunge liunde kamati teule ya kuuchunguza mkataba ule.

Hoja ilikataliwa. Zaidi ya hayo, mtoa hoja ndiye aliyegeuzwa mshitakiwa. Wabunge walio wengi walimtia hatiani kwa kumsingizia waziri kuwa alilidanganya Bunge, wakamsimamisha hadi Januari 2008. Kwa muda wa miezi kadhaa wananchi wa Kigoma Kaskazini wakawa hawana wa kuwasemea ukumbini, na adhabu aliyokusudiwa mtu mmoja ikawaangukia maelfu waliompigia kura.

Hapa inafaa tutazame na nchi hii tunayoishi, tusije tukadhani kuwa dhoruba kama hizi huvuma upande wa kwetu pekee. Mwaka 1920 Bunge la Australia, ambalo wakati huo lilikuwa likikutana Melbourne, lilimfukuza kabisa mbunge wa upinzani, Hugh Mahon wa Kalgoorlie. Mahon alikuwa mhamiaji kama sisi, mzaliwa wa Ireland, na kosa lake lilikuwa hotuba kali aliyoitoa nje ya Bunge dhidi ya utawala wa Waingereza katika nchi alikozaliwa. Hadi leo hakuna mwingine aliyefukuzwa katika Bunge la shirikisho, na kwa sheria ya mwaka 1987 Bunge likajivua lenyewe uwezo wa kumfukuza mjumbe wake. Kusimamishwa kungalipo, lakini kuna mizani: katika Baraza la Wawakilishi la Canberra, anayesimamishwa mara ya kwanza katika mwaka hukaa nje kwa saa 24, mara ya pili kwa vikao vitatu, na mara ya tatu kwa vikao saba. Miaka 67 ilipita kati ya kosa na marekebisho. Mabunge nayo hujifunza, ijapokuwa kwa mwendo wa kobe.

Turudi Tanzania. Mtu aliyefungiwa mlango wa Bunge alifunguliwa viwanja vya hadhara. Zitto alipokewa kama shujaa, na wenzake wa upinzani wakaenda na hoja zao kwa wananchi. Tarehe 15 Septemba 2007, katika uwanja wa Mwembeyanga, Temeke, Dokta Willibrod Slaa alisoma hadharani majina ya viongozi aliowatuhumu kwa ufisadi. Novemba mwaka huohuo Rais wa wakati ule, Jakaya Kikwete, aliunda kamati ya kuitazama sekta ya madini chini ya Jaji Mark Bomani. Na ni nani aliyekuwa miongoni mwa wajumbe wake? Ni yuleyule Zitto, ambaye adhabu yake ya Bunge ilikuwa bado haijamalizika!

Kamati ya Bomani ilitoa taarifa yake mwaka 2008, na mwaka 2010 Bunge likapitisha Sheria mpya ya Madini. Mrabaha wa dhahabu, ambao chini ya sheria ya mwaka 1998 ulikuwa asilimia 3 ya thamani baada ya kuondoa gharama, ukawa asilimia 4 ya thamani yote. Mwaka 2017, katika utawala wa Rais John Magufuli, sheria ilibadilishwa tena: mrabaha ukapanda hadi asilimia 6, na Serikali ikajipa haki ya hisa zisizopungua asilimia 16 bila malipo katika migodi mikubwa.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Lakini pia tusimpe mtu haki isiyokuwa yake. Haitakuwa kweli kusema kuwa hotuba moja ya Zitto ndiyo iliyobadilisha sheria. Wachimbaji wadogo, wanavijiji, waandishi wa habari, mashirika ya dini na wataalamu walikuwa wakilia juu ya madini miaka mingi kabla yake. Wapo pia wanaosimulia barazani kuwa Buzwagi ndiyo iliyomwangusha Waziri Karamagi. Sivyo. Alijiuzulu Februari 2008 kwa sababu ya suala jingine, la mkataba wa umeme wa Richmond, pamoja na Waziri Mkuu Edward Lowassa na Waziri Ibrahim Msabaha. Tunalosema ni dogo zaidi, lakini lina uhakika. Swali lililokataliwa kwa kura mwezi Agosti lilikuwa limekwisha kuandikwa, na lilipoandikwa likawa haliwezi kupuuzwa tena. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Dhahabu ya Kahama ni mali, na daftari lake ni kumbukumbu za Bunge.

Kumbukumbu hizo ndizo huitwa Hansadi. Humo huandikwa kila linalosemwa ukumbini: swali, jibu, kelele za kuunga mkono, na amri ya Spika ya kumtaka mtu akae chini. Hansadi ya Dodoma ina fadhila moja kubwa kwetu, kwani mijadala yake huendeshwa kwa Kiswahili. Bibi aliyeko Mbagala na mjukuu wake aliyeko Sydney waweza kusoma maneno yaleyale bila mkalimani.

Tena tukubali kuwa si kila kazi huonekana katika idadi ya mara ambazo mbunge amesimama. Baada ya Buzwagi, Zitto aliongoza Kamati ya Hesabu za Mashirika ya Umma, kisha Kamati ya Hesabu za Serikali. Kazi ya kamati ni ya vitabu na risiti, haina makofi. Lakini Novemba 2014 kamati aliyoiongoza ilileta bungeni taarifa kuhusu zaidi ya shilingi bilioni 300 zilizotolewa katika akaunti ya Tegeta Escrow, iliyokuwa Benki Kuu. Safari hii Bunge, likiwa bado na wingi wa chama tawala, lilipitisha maazimio ya kutaka wahusika wawajibishwe. Mwanasheria Mkuu wa Serikali alijiuzulu Desemba mwaka ule, Waziri wa Ardhi akaondolewa mwezi huohuo, na Waziri wa Nishati na Madini akajiuzulu Januari 2015. Katika hesabu ya barazani, taarifa ile ni mchango mmoja tu. Katika mizani ya haki, inazidi hotuba mia za kushukuru na kupongeza.

Kuna jambo jingine ambalo sisi tulio mbali twapaswa kulielewa. Ibara ya 100 ya Katiba ya Tanzania inalinda uhuru wa mawazo na majadiliano ndani ya Bunge, hata mahakama isiweze kumhoji mbunge kwa aliyoyasema humo. Ngao hiyo ina mipaka miwili. Kwanza, haimlindi mbunge dhidi ya Bunge lenyewe, kama tulivyoona mwaka 2007. Pili, huachwa mlangoni pindi anapotoka nje. Mei 2020 mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, ilimtia Zitto hatiani kwa kesi ya uchochezi iliyotokana na maneno aliyoyasema mwaka 2018 nje ya Bunge, kuhusu mauaji aliyodai kuwa yalitokea Uvinza. Aliachiwa kwa sharti la kutotoa maneno ya namna ile kwa muda wa mwaka mmoja. Kwa wakati huo alikuwa mbunge wa Kigoma Mjini kwa tiketi ya ACT-Wazalendo, chama alichojiunga nacho mwaka 2015. Baadaye mwaka huohuo wa 2020 alipoteza kiti chake, katika uchaguzi ambao vyama vya upinzani viliyakataa matokeo yake.

Aidha, mwaka 2016 Serikali ilitangaza kuwa televisheni ya taifa haitaendelea kuonyesha vikao vya Bunge moja kwa moja kama ilivyozoeleka. Wabunge wa upinzani walipolipinga jambo hilo, kadhaa wao walisimamishwa, Zitto akiwamo. Tangu hapo ndipo wengi walipotambua thamani ya kumbukumbu iliyoandikwa. Picha ikizimwa, karatasi hubaki.

Ndugu wasomaji, kwa nini tumeyaandika haya katika jarida la familia zinazoishi Sydney? Ni kwa sababu ya watoto wetu. Shule za hapa huwapeleka watoto Canberra. Huketi katika roshani ya wageni, wakafundishwa kuwa Bunge ni nyumba ya watu. Wanaporudi nyumbani hutusikia sisi wazazi tukisema kuwa bunge la kwetu ni la kupiga meza na kulala usingizi. Mtoto akisikia hayo mwaka baada ya mwaka, atadhani kuwa uungwana wa kuuliza ni mali ya watu wengine, na kwamba asili yake yeye ni kunyamaza. Huo ni urithi mbaya kumwachia mtoto, na zaidi ya hayo si wa kweli. Qur'ani Tukufu, katika Suratun-Nisaa aya ya 135, inatuamrisha tusimamie uadilifu na tuwe mashahidi wa haki hata dhidi ya nafsi zetu. Hatumwamui Bwana Zitto wala chama chochote, kwani msomaji anaweza kuzipinga siasa zake zote na bado akaifahamu maana ya siku ile ya Agosti. Kuuliza mali ya umma inakwenda wapi ni namna mojawapo ya ushahidi, na wapo waliouliza kwa Kiswahili fasaha, mbele ya waliowazidi kwa idadi, wakaadhibiwa, na bado maneno yao yakabaki.

Kwa hiyo, mtu akitutajia tena barazani kuwa mbunge fulani amesema mara mia, tumwulize mambo manne. Aliuliza nini? Alijibiwa nini na nani? Nini kilitokea baada ya kura? Na ni nani ambaye angelijua jambo lile kama yeye angelinyamaza? Akishindwa kujibu, hesabu yake ni ya mabao tu.

Tunapendekeza kwa walimu wetu wa darasa la Kiswahili la Jumamosi wachague kurasa chache za mjadala wa tarehe 14 Agosti 2007, waziweke mbele ya vijana. Mmoja asome sehemu ya mtoa hoja, mwingine ya waziri, mwingine ya Spika. Kisha wapige kura wao wenyewe, na kila kijana aeleze sababu ya kura yake, kwa Kiswahili.

Wabillahi tawfiiq.