Raia wa mbinguni na karatasi za Manyovu

Mama mmoja muuza mawese pale sokoni Manyovu, mkoani Kigoma, alinionyesha mfuko wa nailoni anaovuka nao mpaka. Ndani yake mlikuwa na karatasi mbili anazozitunza kuliko fedha: cheti cha ubatizo, na barua ya mchungaji wake wa Ulyankulu, Tabora, ya kumhamishia katika kanisa la Makamba, Burundi.

"Barua hii ilipokewa Jumapili ya kwanza," aliniambia. "Nilisimamishwa mbele, wakanipigia vigelegele. Shamba la baba ndilo lililochukua miaka."

Aliyekuwa akililima shamba hilo ni mzee wa kanisa hilohilo.

Wasomaji wengi wa ukurasa huu wanaijua habari ya namna hii bila kusimuliwa. Wazazi wao walikimbia mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi, wakapewa makazi Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Pamoja na Serikali ya Tanzania na Umoja wa Mataifa, kanisa nalo lilikuwapo. Shirika la Kilutheri la kuhudumia wakimbizi, TCRS, lililoanza mwaka 1964, lilishiriki kuyajenga makazi hayo. Wakimbizi wengi hawakuwa Walutheri, na hilo halikuwa sharti la kupata maji.

Mahubiri mengi niliyoyasikia mpakani husema Mkristo ni raia wa mbinguni, hapa duniani anapita tu. Ni kweli, Paulo aliwaandikia hivyo Wafilipi. Lakini Paulo huyohuyo, alipofungwa kamba kule Yerusalemu ili apigwe mijeledi, alimwuliza akida kama ni halali kumpiga Mrumi ambaye hajahukumiwa. Hakuona haya kudai haki yake ya uraia wa duniani. Nashangaa sehemu hiyo huhubiriwa mara chache.

Maana karatasi zina uzito. Mwaka 2010 Tanzania ilitangaza kuwapa uraia wakimbizi wapatao 162,000 wa mwaka 1972, lakini vyeti vilianza kugawiwa mwaka 2014. Kwa miaka minne watu walikuwa wameukana uraia wa Burundi na mkononi hawana cha Tanzania. Kumwambia mtu wa namna hiyo asubiri mbinguni ni kumkwepa.

Zaidi ya 50,000 walichagua kurudi Burundi, mama huyu akiwa mmoja wao, na huko ndiko walikokutana na suala la ardhi. Serikali ya Burundi iliunda tume ya kulishughulikia mwaka 2006, na mwenyekiti wake wa kwanza, Padri Astère Kana, alipendelea pande mbili zigawane. Wapo waliorudi waliouona ugawanaji huo kuwa dhuluma, na sithubutu kuwalaumu.

Kwa mama huyu, mchungaji wa Makamba aliwaita wote wawili akawataka wasameheane. "Mimi nisamehe, yeye abaki na shamba," mama alisema, akicheka kidogo. Akaacha kwaya. Jumapili ya meza ya Bwana alikuwa akibaki nyumbani.

Hata hivyo, yule mzee hakuwa mwizi. Shamba alipewa na wakubwa wa wakati huo baada ya wenyewe kukimbia, na watoto wake wawili wamezikwa hapo. Hayo mama hakuyajua mpaka wenzake wa kwaya walipomfuata, wakaenda naye nyumbani kwa mzee, wakakaa na mke wake jikoni tangu asubuhi hadi jioni. Walirudi mara tatu. Safari ya nne walikwenda na kamba ya kupimia, na mchungaji akaja kushuhudia na kuandika. Mama alipata upande wa michikichi, mzee akabaki na nyumba na makaburi. Nakala ya maandishi hayo ikapelekwa kwa wakubwa wa kilima ili itambulike.

Mawese yaliyokuwa mbele yangu siku ile yalitoka kwenye michikichi hiyo. Nilimwuliza kama sasa anaongea na mzee.

"Tunaimba wote, mwanangu. Ule mstari wa migomba aliusogeza mara moja, nami nikaurudisha."

Akafunika ndoo yake, akamgeukia mteja aliyekuwa akimsalimia kwa Kiha. Yeye alimjibu kwa Kirundi, na bei wakaisema kwa Kiswahili.