Mtoto Akigombaniwa: Mtaalamu wa Mahakama Hufanya Nini?

Mimi nasoma uzamili wa uhandisi hapa Dubai, si mwanasheria. Lakini kwenye vikao vyetu swali hili halikosi: mume na mke kutoka kwetu wameachana, kila mmoja anamtaka mtoto, na hakimu ameteua mtaalamu. Huyo ni nani hasa?

Kwetu wahandisi jambo hili si geni. Jengo likipata ufa, mwenye nyumba akamshtaki mkandarasi, hakimu hajui kupima zege. Humteua mhandisi asiye wa upande wowote akakague na kuandika ripoti. Kesi ya mtoto ni vivyo hivyo. Mtaalamu wa ustawi wa jamii au wa saikolojia huzungumza na wazazi na mtoto, huuliza analala wapi, nani humpeleka shule, nani hukesha naye akiugua. Ila ufa haujui kwamba unapimwa, mtoto anajua.

Tusimchanganye na hakam. Hakam, kama ilivyo katika Sura An-Nisaa aya ya 35, hutoka ukoo wa mume na ukoo wa mke, na kazi yake ni kusuluhisha. Mtaalamu hasuluhishi, yeye anapima tu.

Sasa, anapima kwa sheria ipi? Chini ya sheria ya 2005, hadhana ya mama kwa kawaida ilikoma mtoto wa kiume akifika miaka 11 na wa kike 13. Sheria Na. 41 ya 2024, iliyoanza kutumika Aprili 2025, imeifikisha miaka 18, na mtoto wa miaka 15 anaweza kuchagua akae na nani. Wasio Waislamu wana sheria yao ya kiraia ya 2022, ambayo msingi wake ni wazazi wote wawili kulea kwa pamoja.

Hata nyumbani mambo hayako mbali. Tanzania, Sheria ya Ndoa ya 1971 inatanguliza maslahi ya mtoto, na wa chini ya miaka 7 huchukuliwa kuwa ni vyema akae na mama, isipokuwa ithibitishwe vinginevyo. Ripoti huko huandikwa na ofisa ustawi wa jamii.

Kwa hiyo, ndugu yangu ukikumbwa na jambo hili, zingatia haya:

Kwanza, ripoti ni maoni, si hukumu. Hakimu anaweza kuikubali au kuikataa, nawe una haki ya kuipinga. Mahakama za Dubai zinatumia Kiarabu, basi tafuta tafsiri uisome yote mapema, usingoje kuhadithiwa.

Pili, usimfundishe mtoto maneno ya kusema. Mtoto wa miaka sita akizungumza kama wakili, mtaalamu atajiuliza kafundishwa na nani.

Tatu, usipande naye ndege kimyakimya. Umoja wa Falme za Kiarabu haumo katika Mkataba wa Hague wa 1980 unaohusu kurudisha watoto waliochukuliwa kuvuka mipaka. Akishavuka bila makubaliano, mzazi mmoja anaweza kukaa miaka bila kumwona mwanawe, na aliyemvusha akajikuta na kesi.

Wahenga walisema wapiganapo tembo, nyasi huumia. Mtaalamu ametumwa kuziangalia nyasi. Mpeni nafasi afanye kazi yake, na mtafuteni wakili mapema.