Je, Wajua? Kuna Mnyoo Asiye na Mdomo Wala Utumbo

Mwaka 1977, wanajiolojia waliozama kwa nyambizi Alvin karibu na Galápagos walikuwa wakitafuta chemchemi za maji moto, kina cha mita 2,500 hivi. Hawakuwa na mwanabiolojia hata mmoja! Wakakuta minyoo wakubwa ndani ya mirija myeupe, wengine warefu kupita mtu.

Mnyoo huyu, Riftia pachyptila, akikomaa hana mdomo wala utumbo. Anakula nini, basi? Hulishwa na bakteria waliojazana mwilini mwake kwa mabilioni. Shungi lake jekundu hufyonza oksijeni na haidrojeni salfaidi, ile gesi inayonuka mayai viza. Kwetu ni sumu, lakini hemoglobini yake huzibeba zote mbili, kila moja mahali pake, hadi kwa bakteria, nao hutengeneza chakula bila jua. (Aliyependekeza jibu hili, Colleen Cavanaugh, alikuwa bado mwanafunzi Harvard.)

Ajabu zaidi, bakteria hao harithi kwa wazazi: humwingia kupitia ngozi angali lava. Jenomu yake nayo imepoteza jeni nyingi, ila za hemoglobini zimeongezeka.