Akiba ya Viazi Chini ya Ardhi

Huko Bamiyan, katika milima ya Afghanistan, watu huishi kwenye mwinuko wa mita 2,500 hivi. Zao lao kubwa la biashara ni viazi mviringo. Baada ya mavuno, theluji hufunika mashamba kwa miezi kadhaa. Je, viazi hivyo huhifadhiwaje?

Mkulima huchimba shimo, hutia viazi, kisha hufunika kwa majani makavu na udongo mwingi. Siri yake ni kwamba baridi hupenya ardhini polepole. Juu maji huganda, lakini chini shimoni hubaki ubaridi wa kiasi tu. Kiazi kikiganda, baadaye huwa majimaji na kuoza. Kikipata joto, huchipua. Kikipata mwanga, hugeuka kijani na kuwa na sumu. Shimo hukikinga na yote matatu.

Hata hivyo, kiazi kina uhai nacho hupumua. Shimo likikosa hewa, unyevu hujikusanya, na kimoja kikioza huambukiza vingine. Ndiyo maana vilivyokatwa na jembe hutengwa, vikaliwa kwanza.

Anayeuza vyote wakati wa mavuno hupata bei ndogo, kwani kila mtu anauza. Aliyeweka huuza theluji ikiyeyuka, hubakiza mbegu, na watoto wake hupata chakula kipupwe chote.

Wahenga walisema akiba haiozi. Ya viazi huoza, isipotunzwa.