Wekundu wa Mawese na Afya ya Macho

Afya si kutougua tu. Ni pia akiba ambayo mwili hujiwekea kwa mazoea ya kila siku. Huko Ilagala, karibu na mlango wa mto Malagarasi, sehemu ya akiba hiyo imo chunguni. Wekundu wa mawese hutokana na karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Mtoto aikosaye vitamini hiyo huanza kwa kutoona vema giza la jioni liingiapo. Upungufu ukizidi, aweza kupofuka. Hata hivyo, wako wapishi wayachomao mawese mpaka yawe meupe, ati yapungue harufu. Moto mkali huivunja karotini. Weupe huo ndio hasara yenyewe. Yatosha kuyapasha mawese machache kwa moto wa kadiri, kisha kutia dagaa na mboga za majani. Mboga nazo zina karotini, na mafuta hayo huusaidia utumbo kuifyonza.